Mtoto Kashika Vifaa, Sawa, ila Swali ni la Nani?

Ukiangalia matangazo ya programu za sayansi kwa watoto picha ni ileile inajirudia, mtoto kavaa miwani mikubwa ya kinga, mbele yake chupa inafoka povu, macho yamemtoka kwa furaha. Mzazi akiona hapo roho inatulia, anajua mwanangu huku atajifunza kwa vitendo, hatakaririshwa. Na povu lenyewe mi sina ugomvi nalo. Ila hiyo picha haisemi jambo ambalo kwangu ndo kubwa kuliko yote, yule mtoto alikuwa anataka kujua nini kabla hajamimina ile siki?

Naandika hivi kwa sababu hizi programu zimekuwa nyingi sana, klabu za baada ya masomo, kambi za likizo, robotiki, matembezi ya msituni, na karibu zote zinajinadi kwa neno hilohilo, vitendo. Msimamo wangu ni kwamba mikono kushughulika peke yake haitoshi kabisa. Pesa nyingi zinaishia kwenye vifaa wakati kinachomjenga mtoto ni swali kuwa lake, kubashiri kabla ya kujaribu, halafu kupewa muda wa kurudi kwenye kitu kilekile mpaka akielewe.

Chukua hiyo volkano ya siki na soda ya kuumulia ambayo kila mtu anaijua. Inavyofanywa mara nyingi, kiongozi kashapima kila kitu, mtoto anaambiwa mimina, povu linapanda, makofi, haya kundi linalofuata njooni. Alichopata ni kwamba ukimimina povu linatoka, na hilo angeliona hata kwenye video. Sasa bakia na vifaa vilevile ubadilishe mpangilio tu. Weka siki kiasi sawa kwenye chupa nne, kila chupa ipate soda kiasi tofauti, mdomoni valisha puto, na kabla hamjaanza kila mtoto aandike puto lipi litakuwa kubwa na kwa nini. Wengi wataandika kwamba soda ikizidi mara mbili na puto litazidi mara mbili, na mwanzoni kweli inakuwa hivyo, halafu inafika mahali unaongeza soda na puto limegoma, soda imekaa tu chini ya chupa haifanyi chochote. Hapo ndo mabishano yanaanza, na hayo mabishano ndo somo lenyewe! Kwa siki ya kawaida yenye asidi asilimia 5, mililita 100 zinamalizana na gramu 7 hivi za soda na zinatoa gesi karibu lita 2 (kwa puto dogo tumia nusu ya hapo), ukipita kiwango hicho asidi imekwisha na soda iliyobaki haina wa kuungana naye. Mtoto wa miaka 10 hapo kashagusa wazo ambalo wakubwa zake wanakuja kulihangaikia kwenye hesabu za kemia, na amelifikia kwa sababu ubashiri wake mwenyewe ulikataa.

Sasa kuna watu wakisikia swali liwe la mtoto wanaelewa kwamba mtu mzima akae pembeni, watoto waachiwe vifaa wagundue wenyewe. Hapana, na hapa ushahidi uko wazi kuliko wengi tunavyopenda kukubali. Mwaka 2004 watafiti David Klahr na Milena Nigam walichapisha utafiti wao kwa watoto 112 wa darasa la tatu na la nne. Walitumia mbao za mteremko na mipira ya kuviringisha, watoto wapange jaribio la kujua ni nini kinafanya mpira ufike mbali, je ni mwinuko, ni urefu wa mteremko, ni ubao kuwa laini au wa kukwaruza, au ni mpira wenyewe. Ujanja wote hapo ni kubadilisha kitu kimoja na vingine vyote kuviacha sawa. Kundi moja lilifundishwa huo ujanja waziwazi kwa mifano mizuri na mibaya na maelezo ya kwa nini, kundi lingine likapewa vifaa vilevile na uhuru wa kucheza navyo bila mtu kuwaongoza. Walioelekezwa, asilimia 77 waliumudu. Walioachwa wagundue wenyewe, asilimia 23.

Hiyo tofauti ni kubwa mno huwezi kuipuuza. Ila angalia vizuri walichofundishwa ni nini. Hawakuambiwa jibu la mpira upi unafika mbali, walipewa njia ya kulitafuta. Na humo humo kwenye utafiti, wale wachache waliougundua ule ujanja wenyewe baadaye walifanya vizuri sawasawa na walioelekezwa, kwa hiyo njia uliyofikia sio kitu, kitu ni kufika. Mimi nachukulia hivi, namna ya kuyauliza maumbile swali kwa jaribio fundisha waziwazi wala usione aibu, onyesha, rudia, sahihisha, lakini swali lenyewe na jibu lake mwachie mtoto. Programu nyingi zinafanya kinyume, jibu linatolewa mwanzoni kwenye maelezo ya kiongozi, halafu namna ya kupanga jaribio haifundishwi popote, mtoto anapewa karatasi ya hatua moja mpaka nane anazifuata.

Kuna shule moja ya msingi ya kijijini Uingereza, Blackawton huko Devon, ilifanya kitu ambacho kila anayeendesha programu za watoto angetakiwa kukijua. Watoto 25 wa miaka 8 mpaka 10, wakisaidiwa na mwanasayansi wa ubongo Beau Lotto, walianza kwa kuzungumza kuhusu michezo na mafumbo, mpaka wakafika kwenye swali lao, je nyuki naye anaweza kutatua fumbo kama mtu? Walitumia nyuki wale wakubwa wenye manyoya, jamii ya Bombus. Wakatengeneza ubao wenye duara za njano na za bluu, kwenye duara sahihi kuna maji ya sukari, kwenye zisizo sahihi maji ya chumvi, na usahihi wenyewe haukutegemea rangi peke yake, ilibidi nyuki aangalie pia rangi zimepangwaje, zipi ziko katikati na zipi zimezunguka. Nyuki wakajifunza. Desemba 2010 jarida la Biology Letters la Royal Society likachapisha utafiti huo, maelezo yakiwa kwa lugha ya watoto wenyewe na michoro waliyochora kwa penseli za rangi. Matokeo yalikuwa mapya kabisa. Na watoto waliandika humo kwamba sayansi inafurahisha kwa sababu unafanya vitu ambavyo hakuna mtu aliyewahi kuvifanya.

Mtu mzima mle ndani alifanya kazi kubwa, nyuki wanahitaji anayejua kuwashika, jaribio linahitaji anayejua kupanga, na kuandikia jarida sio mchezo. Utaalamu wote ulikuwa wake. Ila hakuwapokonya swali, na watoto wa umri ule wakilijua hilo wanafanya kazi kwa uvumilivu ambao mwalimu wa kawaida hawezi kuamini.

Wengine watasema sawa, lakini hayo yanataka profesa, sisi tuna mshumaa tu. Mshumaa unatosha sana! Royal Institution ya London ilianza mihadhara ya Krismasi kwa vijana mwaka 1825, na Michael Faraday aliitoa mara 19. Huyu ni mtu ambaye shule alisoma kidogo sana, alikuwa mwanafunzi wa fundi wa kujalidi vitabu, na ndiye aliyekuja kugundua mwaka 1831 namna sumaku inayosogea inavyozalisha umeme kwenye waya. Mojawapo ya mihadhara yake maarufu, ya majira ya Krismasi 1860 kuingia 1861, ilikuwa mihadhara sita mizima kuhusu mshumaa mmoja. Sita. Nini kinaungua pale, ni nta au ni utambi? Maji yanatoka wapi kwenye kitu kinachowaka? Kwa nini moto unang'aa njano?

Jaribu hili na watoto, mkubwa akiwa karibu na nywele ndefu zimefungwa. Acha mshumaa uwake kidogo, uzime taratibu, utaona uzi wa moshi mweupe unapanda kutoka kwenye utambi. Sasa leta njiti inayowaka kwenye ule moshi, juu ya utambi bila kuugusa, moto unaruka unashuka na moshi na mshumaa unawaka tena. Usiwaambie kwa nini. Waulize huo moshi ni nini, halafu nyamaza. Wengine watasema ni moshi kama moshi mwingine, mwingine atauliza mbona moshi wa karatasi iliyozimwa haufanyi hivyo, basi mjaribu. Itachukua muda mpaka mtu aseme ile nyeupe ni nta yenyewe imegeuka mvuke kisha ikaanza kupoa hewani, na kinachoungua kwenye mshumaa ni ule mvuke, utambi kazi yake kubwa ni kuipandisha nta iliyoyeyuka. Kipindi kizima kinaweza kuishia hapo na hakijapotea hata kidogo.

Na hilo la kunyamaza ni zito kuliko linavyoonekana. Mtafiti wa elimu Mary Budd Rowe alirekodi walimu wa sayansi darasani na akakuta baada ya kuuliza swali wanasubiri wastani wa sekunde 1 tu ndo wanamtaja mwingine au wanajibu wenyewe. Walipozoezwa kusubiri sekunde 3 au zaidi, majibu ya watoto yakawa marefu, wakaanza kutoa ushahidi wa wanachosema, walewale waliokuwa kimya wakaongea, na maswali ya watoto wenyewe yakaongezeka. Sekunde mbili hizo hazinunuliwi! Lakini kiongozi mwenye vituo sita vya kupitisha watoto ndani ya saa moja hana hizo sekunde, ndo maana ratiba iliyojazwa vitu vingi inaua sayansi hata kama kila kitu kilichomo ni kizuri.

Upande wa mazingira hali ni hiyohiyo. Mwaka 2002 Andrew Balmford na wenzake wa Cambridge walionyesha kwamba watoto wa Uingereza wa miaka 8 waliweza kuwataja viumbe wa Pokémon, ule mchezo wa kadi na katuni, kwa karibu asilimia 78, wakati wanyama na mimea halisi ya nchini kwao ni karibu nusu tu. Watu waliusoma utafiti huo kama kilio cha watoto wa siku hizi, mi nausoma tofauti. Unaonyesha kichwa cha mtoto kina nafasi ya kubeba majina mengi sana ya viumbe na tabia zao, ilimradi anakutana nao kila siku na wana maana kwenye mchezo wake. Matembezi ya siku moja msituni na basi la kukodi hayawezi kushindana na kitu cha kila siku. Mti mmoja ulio karibu unaweza. Mtoto achague mti wake, aurudie kila wiki, achore jani lilelile likikua, aandike ni wadudu gani wanapanda na wanaelekea wapi, tunda linaanza lini, ndege yupi anakuja. Baada ya miezi kadhaa anaanza kuuliza maswali ambayo kiongozi wake hana jibu, na hapo ndo programu imeanza rasmi.

Kitu kingine cha kurudia ni kivuli. Mwaka 1987 siku ya mahafali Harvard watu 23, wahitimu na walimu wa chuo wakiwemo, waliulizwa mambo kama kwa nini kuna majira ya mwaka au kwa nini mwezi unabadilika umbo, na 21 walikosea. Kosa kubwa la majira ni kudhani joto linakuja dunia ikikaribia jua. Kumbe dunia inakuwa karibu zaidi na jua mwanzoni mwa Januari, kama kilomita milioni 147, na mbali zaidi mwanzoni mwa Julai, kama milioni 152, yaani nusu ya kaskazini inapata baridi wakati ambapo jua liko karibu. Hawa watu walisoma, walifaulu, na mchoro wa dunia iliyoinama nyuzi 23.5 waliuona vitabuni. Walichokosa ni kuliangalia jua. Simamisha kijiti wima mahali pa wazi, upime kivuli jua likiwa juu kabisa, mara moja kwa wiki, mwaka mzima. Wanaoishi mbali na ikweta wataona kivuli kinarefuka majira ya baridi na kufupika majira ya joto, wanaoishi kati ya tropiki mbili, yaani ukanda wa joto kandokando ya ikweta, wataona kitu cha ajabu zaidi, kivuli cha mchana kinaelekea kaskazini miezi fulani, kinapotea, halafu kinahamia kusini. Mtoto aliyekipima hicho kivuli kwa mkono wake huwezi tena kumdanganya kuhusu majira.

Halafu kuna jambo la mtu mzima anafanyaje mtoto akileta jibu lisilotarajiwa. Erasto Mpemba mwaka 1963 alikuwa kidato cha tatu sekondari ya Magamba, Tanganyika. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu, mchanganyiko unachemshwa unaachwa upoe ndo unaingia kwenye friji, yeye kwa kuwahi nafasi akaingiza wa kwake ukiwa bado wa moto, na ukaganda kabla ya ule wa mwenzake ambao haukuchemshwa. Akamuuliza mwalimu, akaambiwa umechanganya mambo, haiwezekani. Baadaye akiwa Mkwawa, Iringa, akauliza tena, mwalimu akasema hiyo ni fizikia ya Mpemba, na darasa likafanya ndo utani wao. Ikabidi aje mgeni, Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mpemba akamuuliza mbele ya wenzake wanaocheka, na Osborne akarudi kupima badala ya kukataa. Fundi wa maabara akamletea majibu kwamba ya moto kweli yametangulia kuganda, ila akamhakikishia wataendelea kurudia jaribio mpaka wapate jibu sahihi! Mwaka 1969 Mpemba na Osborne wakachapisha pamoja. Wanasayansi mpaka leo wanabishana, wapo waliopima kwa uangalifu mkubwa wasilione hilo jambo, wapo wanaolitafutia maelezo. Ubishi huo hauondoi kitu. Kijana aliona, aliuliza, na kati ya watu wazima watatu ni mmoja tu aliyesema ngoja tupime. Kama kiongozi wa programu hajazoezwa kusema ngoja tupime, hata umnunulie hadubini kumi atazima maswali yaleyale.

Vijana wa miaka 13 kwenda juu nao wanasahaulika sana. Programu nyingi ni za wadogo, wakubwa wakija wanakuta mambo ya kitoto au wanaletewa maonyesho ya kutisha zaidi ili wasichoke, na hapo kuna hatari kweli. Lile onyesho la miali ya rangi kwa kutumia methanoli, aina ya alkoholi inayowaka upesi sana, limeunguza wanafunzi Marekani mara kadhaa, mpaka bodi ya usalama wa kemikali ya huko ikatoa onyo kali, na kinachouma ni kwamba wengi wa walioungua walikuwa wamekaa tu wanatazama. Kijana hahitaji moto mkubwa, anahitaji kazi ya kweli ambayo kuna mtu anaisubiri. Sensa ya ndege ya Krismasi iliyoanzishwa na Frank Chapman Marekani mwaka 1900 ilianza na watu 27 na inaendelea mpaka sasa, programu ya GLOBE iliyoanza 1995 inawapa wanafunzi wa nchi nyingi njia moja ya kupima mvua, joto na udongo ili takwimu zao zilinganishwe, na huko Virginia mwaka 2006 watoto wawili ndo walimpata mdudu-kibibi mwenye madoa tisa ambaye mashariki mwa Marekani alikuwa hajaonekana zaidi ya miaka 10. Ukijua kwamba namba yako ikikosewa itaharibu ramani ya mtu, unaipima mara mbili bila kuambiwa.

Na umri huo una uzito. Robert Tai na wenzake mwaka 2006 walifuatilia wanafunzi wa Marekani waliokuwa wameulizwa darasa la nane wanajiona wakifanya kazi gani wakifika miaka 30. Waliotaja kazi ya sayansi walikuwa na uwezekano mara 1.9 wa kupata shahada za sayansi ya viumbe, na mara 3.4 kwa sayansi za maumbile na uhandisi, ukilinganisha na ambao hawakutaja. Haina maana kwamba kutaja tu ndo kunafanya mtu awe mwanasayansi, lakini nikiona bajeti yote imeishia kwa watoto wa miaka sita na saba nasikitika sana.

Basi tunazipimaje hizi programu? Fomu za mwisho wa siku zenye sura zinazocheka haziwezi kutuambia. Pale Harvard Louis Deslauriers na wenzake walionyesha mwaka 2019 kwamba wanafunzi wa fizikia waliosikiliza mhadhara mzuri walihisi wamejifunza zaidi, ila kwenye mtihani waliojifunza zaidi ni wale waliohangaika na maswali wenyewe. Hao ni watu wazima na bado hisia zao ziliwadanganya, sembuse mtoto aliyetoka kuona povu.

Njia ninayoiamini ni ya Eleanor Duckworth, mwanafunzi wa Jean Piaget yule mwanasaikolojia aliyechunguza jinsi watoto wanavyofikiri, alipokuwa anapima nchini Kenya programu ya Afrika ya sayansi ya shule za msingi, iliyoanza miaka ya 1960. Hakutunga mtihani. Aliweka vifaa vya aina mbalimbali chumbani, vingine watoto hawajawahi kuvitumia masomoni, akawaacha wafanye wanachotaka, halafu akaangalia wanafanya mambo mangapi tofauti na wanayafuatilia mpaka wapi, akalinganisha na watoto ambao hawakupitia programu. Waliopitia walipata vya kufanya vingi zaidi na walikwenda mbali zaidi navyo. Kipimo hicho kinawezekana popote kwa gharama ya muda tu: wiki ya mwisho ya kambi weka mezani waya, betri, balbu, sumaku, mbegu, maji na bakuli, kiongozi akae nyuma na daftari asiseme kitu, muone kama watoto wanaanza kazi au wanageuka kumwangalia yeye awaambie hatua ya kwanza ni ipi.